Jumanne, Saa Nne Asubuhi

Mvua ya Bergen haijachoka,
na vigari vya watoto vimejaa sebule ya ukumbi,
ishirini na saba, nimevihesabu,
magurudumu yakichuruzika maji juu ya zulia
nililolilinda miaka thelathini na mmoja
dhidi ya viatu vya watu wazima.

Mimi ni bawabu wa mlango wa kushoto.
Koti langu lina mifuko miwili:
wa kulia una tochi,
wa kushoto una peremende za kikohozi
zilizofungwa kwa karatasi isiyopiga kelele.
Nilijaribu aina sita kabla ya kuipata hiyo.
Usiku, mtu akikohoa pale fidla zinaponong'ona,
namtazama tu. Anajua.

Leo viti vimeondolewa.
Wametandika magodoro ya sponji,
na Sunniva wa miezi mitano ameshacheua
palepale anapokaaga meya.

Wapigaji wanne wakaingia na soksi.
Soksi! Eivind wa selo,
ambaye sijapata kumwona bila tai nyeusi,
soksi yake imetoboka,
kidole gumba kinachungulia kama jirani.
Wakaketi. Wakatazamana. Wakavuta pumzi pamoja.

Nikangoja kimya.
Kimya kingi kina mshindo mkuu,
na kazi yangu yote ni kukipika kimya hicho,
kukikoroga, kukifunika,
hadi upinde wa kwanza ushuke.
Hapakuwa na kimya.
Palikuwa na ba-ba-ba, na kwikwi,
na pacha aliyemng'ata mwenziwe sikio,
na muziki ukaingia humohumo,
bila hodi, kama mtu wa nyumba ile.

Kisha Jorunn, mwaka mmoja na nusu,
akatambaa hadi kwa Eivind, akasimama kwa kuyumba,
akaweka kiganja juu ya mbao za selo
kama mkunga apapasaye tumbo.
Noti ndefu ya chini ikapita mkononi mwake.
Akautazama mkono. Mbele. Nyuma.
Akautia mdomoni kuona kama bado umo.

Mtoto akililia wembe, mpe.
Na akililia upinde
wenye thamani kuliko gari la mamaye?
Mama akaruka, uso mwekundu.
Eivind akatikisa kichwa, akamshika mtoto mkono,
wakavuta pamoja:
sauti ya mlango wa zizi, ya kutu, ya ng'ombe.
Watoto watatu wakaanza kulia. Mmoja akacheka.

Hapo nikamkumbuka yule wa skafu ya kijani.
Majira ya baridi, miaka mingi nyuma,
alimficha kichanga ndani ya koti,
na obua ilipopanda, kichanga nacho kikapanda,
noti moja, ileile.
Nilimshika mama kiwiko.
"Hakuwa analia," aliniambia sebuleni,
"alikuwa anaitikia."
Nikasema sheria ni sheria.
Akaniomba asikilizie mlangoni.
Nikaufunga.
Ni mlango mzuri ule, mwaloni mtupu,
ukiufunga hapiti hata nzi.

Kichanga yule sasa ana ndevu, pengine,
au naye anasukuma kigari mahali fulani mvuani.
Sijui. Sikumwuliza jina.

Walipoondoka nikapiga deki.
Nikaokota biskuti iliyolowa, kiatu cha sufi,
na chuchu ya mpira, ya samawati,
nikaitia mfukoni nisije nikaisahau.
Nikaisahau.

Usiku viti vimerudi, meya amekaa pake,
na katikati ya sehemu ile ya polepole
wakili Tveiterås, kiti cha kumi na nne,
akakohoa, akakohoa tena.
Nikainama gizani, nikapapasa mfuko wa kushoto,
nikamwekea kiganjani.

Akaikaribisha kwenye mwanga wa jukwaa.
Akaigeuza.
Mabega yakaanza kumtikisika,
na kicheko kikamtoka, kikubwa, cha mdomo wazi,
juu ya fidla zote mbili.

Sikumtazama.