Punje ya Mtama

Taa ile ilikuwa nyekundu, ndogo,
punje ya mtama kwenye dashibodi:
picha ya mtu ameketi, na duara mbele ya kifua
kama aliyepakata tikiti.
Mwalimu Perusi Ndahani alisema, "Fundi, inanikodolea macho.
Nikitoka Kibaigwa usiku naiona yenyewe, barabara siioni."

Nilifungua usukani siku ya Jumanne,
hapa Kizota, nyuma ya ghala la alizeti.
Hamkuwa na kitu.
Pale unapolala mfuko wa hewa, umekunjwa kama shuka la wodini,
nilikuta kipande cha godoro
na kifuniko kimebandikwa kwa gundi ya viatu.
Gari lilishapita mikono mitano kabla ya yake.
Mmoja wao aliuza mfuko. Sijui nani. Hata kumjua kungenisaidia nini?

Ningeweza kumwita aje aone.
Alikuwa ameketi juu ya ndoo ya rangi, akisahihisha madaftari,
kalamu nyekundu, wekundu uleule.
Nikapiga simu kuuliza bei: laki nane, na usubiri Dar.
Nikatazama viatu vyake. Soli imeshonwa kwa uzi wa magunia.
Nikajiambia, mtu wa viatu hivi hatajiwi bei ile.
Nikajiita mwenye huruma.

Rizista ni kitu kidogo, inaweza kukupotea chini ya ukucha.
Niliiunga kati ya nyaya mbili za njano.
Kompyuta ya gari ikauliza: mfuko, upo?
Rizista ikajibu: nipo.
Taa ikazimika. Perusi akapiga makofi.
Elfu kumi na tano, na juu yake
akaniachia fungu la zabibu za Hombolo, bado zina vumbi.
Nilizila zote kabla ya saa sita.

Septemba, upepo ule
unaoibeba Dodoma nzima na kuishusha machoni pa watu.
Karibu na Mbande lori la mahindi lilikuwa limekufa katikati ya lami.
Dereva hana pembetatu; alikata tawi la mgunga,
akalilaza hatua thelathini nyuma.
Upepo ukalichukua.
Mkanda ulimshika bega. Huo nausifu.
Uso ulikwenda peke yake.

Walilivuta gari hapahapa kwangu, kwa kamba ya katani.
Lechipya, kaka yake, alitaka nilipasue, niuze vipuri vilipe hospitali.
Akagusa usukani uliopinda.
"Mbona mfuko haukufumuka, fundi?"
Nikasema nyaya.
Nikasema vumbi.
Nikasema, haya magari ya mtumba, ndugu yangu.
Akatikisa kichwa, akaniamini, na hilo ndilo lililonichoma.

Alipoondoka niliunga betri.
Boneti imekunjamana, kioo kimemwagika kitini kama chumvi,
na taa zote zikawaka, njano kwa nyekundu,
ya breki, ya oili, ya mlango,
kila moja ikililia jeraha lake.
Isipokuwa ile.
Mle gizani, ndani ya chuma kilichovunjika,
rizista yangu bado ilikuwa inajibu:
nipo. Nipo.

Jumapili nilikwenda wodini na maziwa na mrija.
Taya limefungwa kwa nyaya, nyembamba kuliko zangu,
na aliyezifunga alijua kazi yake.
Hawezi kusema. Huandika.
Daftari lilelile la mistari, kalamu ileile.
Aliandika: *Taa haikuwaka tena, fundi. Hata mara moja.
Niliwaambia walimu wote waje kwako.*

Rizista ilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeikata asubuhi ile
ili nimwekee kiganjani.
Vidole viliipata, vikaiviringisha, vikaiacha palepale.

Alinitazama kwa muda.
Kisha akaligeuza daftari upande wangu
na kunipa kalamu,
kana kwamba mimi ndiye niliyefungwa taya.