Mizani

Miaka kumi na minne nilikuwa karani wa mizani
katika kiwanda cha samaki nyuma ya reli, Kisumu,
buti za mpira hadi magotini, penseli sikioni.
Kazi yenyewe fupi: ning'iniza, soma, andika.
Mbuta wa kwanza niliyemwandika alikuwa kilo sitini na mbili;
wachukuzi wawili walimbeba kama mgonjwa.

Minofu ilipanda ndege.
Kichwa na mifupa vilipanda mkokoteni
hadi Obunga, kwa dada yangu Risper,
akavitumbukiza kwenye karai la mafuta.
Tuliviita mgongo wazi,
na sikuwahi kujiuliza
ni mgongo wa nani hasa ulioachwa wazi.

Kila Januari meneja aliandika asilimia ubaoni:
nane. Mwaka uliofuata, nane juu ya ile nane.
Tulipiga makofi. Ndani ya nane ile mlikuwa na soda na mkate,
na karo ya wanangu, siwezi kusema uongo.
Macho ya nyavu yakazidi kufinywa.
Daftari nalo likasema lake:
sitini na mbili. Thelathini. Kumi na moja. Nne.
Jumla chini ya ukurasa ilipanda,
samaki mmoja mmoja akishuka.
Nilimwonyesha meneja kwa kidole.
"Soma jumla, Zablon."

Darasa la saba, Mwalimu Nekesa
alitufunza mizani nyingine:
silabi nane, pumzi, silabi nane.
Niliongeza neno tamu, mstari ukachechemea.
"Kata," akasema. "Neno si baya. Nafasi imejaa."
Usiku mmoja wa zamu, nyuma ya daftari la kiwanda, nikajaribu tena:

*Haba na haba hujaza, kibaba tulifundishwa,*
*Kikijaa la kuwaza, hilo hatukujulishwa,*
*Kila siku twaongeza, ziwa lenyewe lachoshwa,*
*Mizani ikinyamaza, sisi ndio tutashushwa.*

Kiwanda kilifungwa Jumanne, bila hotuba.
Mashine za barafu zilitoka jasho hadi jioni.
Nilidai mshahara wa miezi miwili;
nikapewa mizani.

Nikaipeleka kwa Risper.
Siku hizi anakaanga omena, na fulu pia,
wale wadogo ambao mbuta alikaribia kuwamaliza,
wakajificha kwenye mafunjo,
wakarudi kimya kimya kama wapangaji wenye deni.
Chama chao kina kanuni iliyoniudhi:
mabeseni matatu kwa mtu, kwa siku.
Yakiisha, jiko linazimwa, hata iwe saa tisa,
hata foleni ifike kwa fundi wa baiskeli.
Si malaika hao. Agosti Akeyo aliuza la nne gizani,
wakanuniana hadi Krismasi.
"Ungeuza sita," nilimwambia dada.
"Halafu?"
Nilifungua mdomo.
Jibu lilikuja na sura ya bati jipya,
likaja na sura ya pikipiki,
likateleza kama samaki mwenye utelezi wake.
Risper alikuwa amekwisha kukaa kibarazani,
miguu ndani ya maji ya chumvi,
akicheka na mtu kwenye simu.

Alhamisi zahanati huiazima ile mizani.
Ndoano ni ile ile. Tumeisugua kwa majivu na ndimu,
lakini mimi bado nainusa.
Mtoto wa jirani, Hawi, huning'inia humo
ndani ya suruali ya turubai,
akinirushia mateke, akilia kwa haki yake yote.
Msomaji ni mimi.
"Kilo sita na nusu."
Muuguzi anashusha kidole kwenye kadi, anakutana na mstari.
"Inatosha," anasema, na kumwita mwingine.

Miaka kumi na minne juu ya sakafu ile ya barafu
sikulisikia neno hilo hata mara moja.
Nikamwomba arudie.