Nawajua kwa Migongo

Saa kumi na moja alfajiri, mvua haijauliza mtu.
Imetoka ziwani, imesimama wima mlangoni,
nami naifungulia kama mdai aliyechoka kubisha.
Kichwani kofia ya nailoni, ile ya saluni,
miguuni viatu vya mtumba vya Mlango Mmoja,
kimoja kinacheka upande wa dole gumba.
Goti la kushoto nimelifunga bendeji.
Nimelisemesha, halikujibu. Twende hivyo hivyo.

Nimewakuta kona ya Kirumba, wanaruka-ruka papo hapo
kama bisi kwenye sufuria:
Lugembe wa zimamoto, Nyanzobe wa benki,
na yule mrefu, Masalu, anayekimbia huku akitafuna karanga.
"Shikamoo mama. Leo si ungepumzika?"
Marahaba. Kwani nyinyi haiwanyeshei?

Mita mia mbili tunakwenda pamoja, kwa adabu.
Naona wanavyojibana,
kama watu wazima waliokalishwa madawati ya chekechea.
Nikasema: nendeni, bwana. Mnanichosha kwa kunisubiri.
Wakaenda.

Ndiyo maana nawajua kwa migongo.
Lugembe bega la kulia hushuka, kana kwamba bado kabeba mpira wa maji.
Nyanzobe hutupa kisigino nje.
Masalu hana mgongo wa kuelezea, ana kupotea tu:
ukipepesa jicho, amekwisha kuwa taa ya pikipiki huko mbele,
au si yeye.

Miaka thelathini na moja nilikaa kwenye mizani pale Mwaloni,
gunia la dagaa linapanda, nasoma, naandika.
Hakuna aliyewahi kuniibia kilo.
Leo najipima mwenyewe na mshale hautulii:
pumzi hii nzito, nusu yake uzee, nusu maji,
na kuna robo sijui niiandike wapi.
Hesabu imezidi. Naiacha.

Radi ikapiga upande wa Kamanga.
Ziwa lote likaonekana mara moja, jeupe, na mawe yake,
kisha likafungwa kama droo.
Niliogopa. Niseme nini? Niliogopa, nikaongeza mwendo
hatua saba, nane,
goti likanikumbusha umri wake,
nikarudia mwendo wangu wa kuchechemea
ambao maji ya mtaroni yanaupita.

Maji mekundu, na ndani yake kandambili moja, inawahi kuliko mimi.
Mlinzi wa ghala, chini ya bati, akapaza sauti:
"Mama, unakimbizwa na nani?"
Sikuwa na pumzi ya jibu.
Nililitafuta hadi Kitangiri, nikalipata:
hakuna anayenikimbiza. Wote wako mbele.

Halafu, pale pa kupandia Bwiru, wakarudi.
Wameshageuza, wanateremka kunielekea,
na hapa tu, mara moja kila mazoezi, ndipo nyuso zao hunipitia.
Siku zote kuna giza. Leo radi ikamulika.
Lugembe kakunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa.
Nyanzobe midomo inahesabu kitu, si hela.
Masalu hatafuni. Kaachama,
anahema kama mimi.
Sikujua. Miezi minane, migongo yao haikuwahi kuniambia.

"Geuza nasi, mama!"
Nikapunga mkono: bado.

Wao hugeuzia kwenye jiwe lile lililopakatwa na mwenzake.
Nilipofika hapakuwa na mtu, hata mbwa.
Nikaweka kiganja. Baridi, kama sangara wa barafu.
Nikakiacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sasa nateremka. Upepo umehamia nyuma yangu, unasukuma bila heshima.
Huko chini migongo mitatu, midogo kama dagaa.
Bendeji imefunguka, inanifuata kama mkia.
Na ifuate.