Rivasi

Lina milango miwili, na kila mmoja una kisirani chake.
Wa kushoto hufunguka ukiuinua kidogo,
kama unayemsaidia bibi kizee kusimama;
wa kulia naufunga kwa nyonga.
Selika ya mwaka wa themanini na tatu.
Tumezaliwa mwaka mmoja, magoti yetu hulia pamoja.

Nililinunua Casuarina, nyuma ya nyumba ya Mwitaliano
aliyesema atarudi baada ya Pasaka.
Pasaka ngapi, mlinzi hakuhesabu.
Ndani ya buti kuku alikuwa ameatamia;
nikalipia gari, nikalipia na kuku.

Fundi Nzai alilizunguka mara moja, akapiga ringi teke:
"Mwalimu, hili si gari. Hili ni deni lenye taa."

Nafundisha kemia. Kutu naijua kwa majina yake yote,
na bado hunishinda.
Kutu ya Malindi haina sikukuu,
huja na umande, huingia bila hodi,
hula bati chini kwa chini, rangi ikabaki imesimama
kama pazia zuri kwa watu waliolala njaa.
Nikashika msasa. Chini ya nyeupe, nyekundu.
Chini ya nyekundu, kijani cha mtu mwenye haraka.
Na chini kabisa, buluu,
ukubwa wa kucha ya kidole gumba,
buluu aliyoichagua mtu wa kwanza, nchi nisiyoijua.
Nilikaa na kile kipande hadi adhuhuri ikaadhiniwa.

Vijana wa Barani walitaka nilishushe lilambe lami.
Nikalishusha. Tuta la kwanza, pale sokoni, likaniadabisha;
nikalipandisha tena usiku, kimyakimya.
Ekzosi niliipanua. Hilo nakiri.
Maweni nzima hujua nimetoka kazini.
Kabureta mbili zilikuja na basi toka Mombasa,
zimefungwa gazetini, zinanuka papa.
Gasketi moja nimeikata mwenyewe kwa ndara.
Usinicheke: ndara hiyo imekwenda Mambrui na kurudi
mara kumi na moja.

Famau, mume wangu, huliita mume mwenza.
"Mume mwenza kaamkaje?" huuliza,
kisha hunishikia tochi.

Januari, karo. Tima ameitwa shule ya bweni,
orodha ya vitu kurasa mbili, hata ndoo imetajwa rangi.
Nikabandika manila kwenye kioo: LINAUZWA.
Jumamosi akaja kijana wa Nyali, miwani kichwani.
Gari nilikuwa nimeliegesha likitazama ukuta.
Akakaa. Akawasha. Likawaka mara ya kwanza, saliti lile.
Akatafuta rivasi.

Sasa, rivasi ya gari hili haitafutwi.
Unakanyaga klachi mara mbili, unainua kirungu
kimo cha punje ya mchele, unakipeleka kushoto,
unangoja likubali.
Nzai anajua. Tima anajua.
Kijana akavuta. Akasukuma. Meno yakasaga.
Ukuta ulikuwa shibiri mbili mbele ya pua yake.
Akanitazama.
Mimi nikatazama kunguru juu ya tangi la maji.

"Sanduku la gia limekufa," akasema.
Sikusema ndiyo. Sikusema la.
Mwalimu anayejua jibu akanyamaza, anaitwaje?

Famau alikuwa dirishani.
Usiku, akipakua wali, alisema tu:
"Ungemwambia ainue."

Wiki ile tuliuza friji.
Maji ya baridi tunaomba kwa Mama Shee,
naye hutupa, na swali juu yake.

Jumatatu alfajiri, sanduku la chuma likakataa kuingia butini.
Tukalifunga juu ya paa kwa kamba ya katani.
Ndoo ya buluu mapajani mwa Famau,
Tima nyuma, amekunjwa kama barua.
Ukuta mbele yetu.
"Mama, kanyaga," akasema,
akapenyeza mkono katikati ya viti,
akainua kirungu, punje moja ya mchele,
akangoja.

Likakubali.