Jogoo wa Ghorofa ya Nne

Darejani, dada yangu,
barua yako imekaa juu ya friji tangu Agosti,
imepakwa jemu ya plamu, kona moja imetafunwa.
Mtafunaji ni Tekle,
aliyeota jino wiki ile ile
akalijaribu kwenye kijiko, kwenye goti langu,
kwenye mguu wa meza, kwenye salamu zako.

Basi, habari za Kutaisi ndizo hizi,
kwa jinsi nitakavyozikumbuka.

Vakho ametimiza miaka minne.
Jumatatu alijitia haragwe puani,
Jumanne akakana,
Alhamisi daktari akalitoa,
na naapa, lilikuwa limeanza kuchipua.

Gela bado yuko zamu ya usiku kwenye reli.
Tunakutana mlangoni, tunapokezana watoto:
huyu kala, huyu bado, kwaheri.

Halafu wakaja wa milimani.
Shangazi yake, Mzevinar, na mumewe Jumber,
kwa basi la alfajiri kutoka Mestia,
na magunia mawili ya viazi,
jibini lililofungwa kwa shuka,
chupa ya gongo,
na jogoo mzima kapuni, kafungwa miguu, kanuna.
"Siku tatu tu," walisema, viatu bado mguuni.
Walikaa kumi na moja.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema.
Huyu hakungoja kupewa.
Chai haijapoa, amekwisha kuninyang'anya ufagio,
akahamisha sufuria, akahamisha chumvi,
akanihamisha na mimi.

Jogoo alikuwa kitoweo cha Jumapili.
Vakho akajitandaza mbele ya mlango wa bafu,
akatangaza kwamba huyu anaitwa Inspekta
na mtu mwenye jina haliwi.
Jumber, aliyechinja mafahali bila kupepesa jicho,
akamtazama, akakitazama kisu,
akakirudisha alani.
Tukala viazi.
Na kwa siku kumi tulioga
Inspekta akitukagua.

Usiku Jumber hukoroma kama trekta linalopanda mlima.
Likikaribia kilele, linazima.
Nyumba nzima tunabana pumzi.
Linawaka tena.

Acha nikwambie na hili, usimwambie mama.
Siku ya saba nilijifungia kwenye kabati la makoti
nikala chokoleti ya watoto, gizani, yote,
nikilia kidogo, nikitafuna zaidi.
Mzevinar akafungua, akitafuta shali yake.
Akaniona.
Akaufunga mlango taratibu,
kama mtu afunikaye unga ulioanza kuumuka.

Usiku ule alikuja akamchukua Tekle kitandani kwangu
bila kuuliza, bila kuwasha taa.
Nililala saa tisa, Darejani. Tisa.
Niliamka gauni limelowa maziwa,
nikakimbilia jikoni pekupeku,
na pale alikuwa, kwenye kiti kile kibovu,
mtoto kifuani, mkono wake umekufa ganzi,
akimnong'oneza bei za viazi
za mwaka huu, na za mwaka jana,
na jinsi madalali wasivyo na haya.

Wameondoka Jumamosi.
Chumvi sijui aliiweka wapi hadi leo.
Nimetafuta kila rafu. Tunakula chakula chapwa,
Gela haongei, mimi siongei.
Ningeweza kumpigia simu nikamwuliza.
Nikimwuliza, atakuwa ameondoka kweli.

Inspekta yuko roshani. Anawika saa tisa za usiku,
kabla hata ya waokaji mikate.
Jana jirani wa chini, Tsiala, alibisha hodi,
nikaenda na radhi zangu zote mdomoni.
Alikuwa ameshika bakuli la mahindi.
"Huyu," akasema, "anakula nini?"

Njoo Desemba, utalala na Vakho, hapigi sana mateke.
Mletee soksi, miguu imekimbia mbele ya umri.
Lete na chumvi.
Na tafadhali,
usije na kitu chochote kinachopumua.