Zai

Karani wa vitambulisho, Hombolo Bwawani, aliniuliza kabila,
akangoja, kalamu juu ya kisanduku.
Nikasema Mgogo. Si uongo.
Ila kisanduku kilikuwa kidogo.

Babu aliteremka stesheni ya Dodoma na sanduku la bati,
fundi wa malori ya Mhindi mmoja, Barabara ya Sita.
Jina lake Turialai. Walilijaribu siku tatu,
likawakwama kooni kama unga wa ubuyu,
wakamwita Patani, kazi ikaendelea.

Alikuwa mpita njia: Tabora, Kigoma, na mbele asikokujua.
Wakamtuma huku kufufua injini ya pampu,
akaliona tembe:
nyumba iliyojilaza, paa bapa la udongo,
mtama umeanikwa juu, na mbuzi mpumbavu kapanda kuuonja.
Akaketi mavumbini, spana mkononi.
Kwao Kandahari nyumba nazo haziinui shingo,
upepo unapita juu yake kama mgeni mwenye haraka.
Usiku ule akatunga kwa lugha yake mishororo miwili,
mfupi na mrefu, ndivyo watungavyo kwao:

    Nimeikuta nyumba yetu
    ng'ambo ya bahari, mlango ukihema.

(Zabibu hakuzileta yeye. Zililetwa na mapadri.
Watu humpa sifa hiyo, nami naikataa kwa niaba yake.)

Jioni alimhesabia bibi Sechelela nasaba:
Turialai wa Zmarak, wa Baz, wa Nekmal,
akipanda ngazi hadi kwa Kais, mzee wa Wapashtuni wote,
na kila mlango wa ukoo una mkia, zai, zai,
Barakzai, Achakzai, uzao wa fulani.
Bibi akacheka, upekecho wa mlenda ukidondoka:
"Zai? Huku twasema zaa.
Umevuka bahari kuniletea neno langu?
Sisi wengine tulitoka Uhehe, wengine Unyamwezi, wengine Ukaguru,
tukakutana penye ukame. Huyo ndiye Kais wetu."

Kisha, mwaka wa njaa, Malogo akaiba mbuzi.
Mbuzi wa nani? Wa babu.
Walimfukuza kwa marungu toka bondeni, mbele yao shemeji Mchiwa,
naye akaingia mlango uliokuwa karibu
akashika pindo la shati refu la babu,
bila kujua kwamba kwa watu wale
aliyeshika pindo ameshika ukoo mzima.

Babu akasimama kizingitini. "Amevuka," alisema. Basi.
"Lakini mbuzi ni wako!" Mchiwa akapaza sauti.
"Mbuzi ni wangu. Mlango si wangu."
Bibi alikasirika hadi akavunja chungu,
kisha akapika, maana mgeni ni mgeni,
na mwizi akala ugali wa mtama, meno yakigongana,
babu amekaa mlangoni mpaka majogoo.

Asubuhi Malogo aliondoka na blanketi letu.
Hakurudi kushukuru. Hakurudi kabisa.
Mchiwa hakumsemesha babu tena mpaka tulipomzika.

Ile mishororo mingine niliisikia babu akiwa kitandani,
anainong'ona, bibi akimkanda miguu.
Nilimwomba maana. Alinyamaza siku nzima,
kisha akaitoa kwa Kiswahili, neno kwa neno,
kama mtu anayelipa deni kwa senti:

    Kaka aligonga mlango,
    mkono wangu komeoni ukagoma.

Hakutaja nani alikuwa anamfukuza huyo kaka.
Kwao, alisema tu, kisasi hungoja miaka mia
na bado hujilaumu kwa kuharakisha.

Tembe lilianguka kwa mvua za Januari. Nimebaki na mlango.
Juzi niliugeuza niutie bawaba mpya
nikaona upande wa ndani, usawa wa kifua,
matundu manne ya bolti, yamejaa udongo.
Bibi anasema komeo lilifunguliwa kwa spana, siku ya kwanza,
kabla hata hawajaingiza kitanda.