Mwezi Ukiandama

Ishirini na tisa ya Ramadhani, alasiri imeshapita,
sokoni Wete hakuna pa kutia mguu
na Bi Hidaya ametandika bustani yake juu ya gunia:
mirehani ndani ya makopo ya samli,
mwaridi mmoja kwenye ndoo iliyopasuka mdomo,
mkadi umelazwa jani la mgomba kama mgonjwa,
na asumini, kilima cheupe kwenye ungo,
vitumba bado, havijafumbua.

"Chagua," anasema, "lakini chagua kwa akili.
Asumini ni mali ya usiku mmoja.
Nikikupimia leo, na mwezi usiandame,
siku ya Idi utavaa uzi mtupu."

"Na wewe waonaje, utaandama?"
Akatazama magharibi, juu ya paa la duka la saruji.
Wingu limekaa pale kama mtu aliyekuja kudai.
"Mie nauza maua. Mwezi kaulize redioni."

Nina elfu kumi na tano na watu watatu.
Mama mkwe, ambaye hajaniridhia mpaka leo:
kwake mrehani, ule mnene, uliofunga kichaka,
kila akipita ausugue kwa vidole, anukie,
asinitaje kwa ubaya mpaka utakapokauka.
(Mungu auzidishie umri. Mrehani, nakusudia.
Na mama mkwe pia, haya.)
Mwalimu wa chuoni anayewasomesha wanangu: mwaridi,
pamoja na mpasuko wa ndoo yake, sina ya kubadilishia.
Mimi mwenyewe, kisahani cha asumini. Nabahatisha.

Wa tatu ni dada yangu Zuwena.

Hapo mkono ukasita juu ya ungo.
Zuwena yumo edani, mwezi wa tatu unaingia
tangu Shaame alipoanguka kutoka juu ya mkarafuu.
Hagusi manukato, hatii wanja,
kikuba kwake ni cha watu wengine.
Utampa mkono gani wa Idi
mtu aliyekatazwa harufu?

Bi Hidaya hakuuliza. Wete ni mji mdogo,
misiba yetu tunapelekeana kama sahani za futari.
Akapenyeza mkono nyuma ya ndoo, akatoa kopo la rangi
lenye ule mmea wa majani ya mabaka mekundu,
upo kila baraza na hakuna anayeujua jina.
"Huu haunuki. Nimeunusa mwenyewe, hata kuukata nimeukata."
Bei?
"Chukua. Banda hili aliniezekea Shaame."

Magharibi ilipoingia, wingu halikutoka.
Redio ikakohoa, ikatangaza: thelathini twatimiza.
Nikaiviringa asumini kwa kitambaa kibichi,
nikaiweka ubavuni mwa mtungi,
nikaiamkia usiku kama mwana mwenye homa.
Siku ya Idi nikafungua: nusu imekuwa rangi ya chai.
Nusu iliyobaki nikaitunga, shada fupi, la kutosha sikio moja.

Bopwe, mlangoni kwa Zuwena, nikalivua,
nikalitundika kwenye usukani wa baiskeli, sijui ya nani,
nikaingia na kopo langu.

Aliligeuzageuza. Akauchokoa udongo kwa ukucha.
"Unataka maji mara ngapi?"
"Sijui."
"Waitwaje?"
"Sijui."
"Zawadi na mletaji, wote hawana habari," akasema,
akauweka dirishani, pale ilipokuwa ikikaa redio ya Shaame,
alama ya vumbi ya mraba, na kopo likawa duara katikati.

Tukala tambi. Hatukusema mengi.
Kisha pazia likajaa upepo kama tumbo la mjamzito
na Zuwena akatulia, kijiko hakijafika mdomoni.
"Asumini yako umeiacha wapi?"
"Nje. Mbali. Wallahi sikuingia nayo."
"Najua," akasema. "Upepo ndio usiokaa eda."

Wala hakwenda kufunga dirisha.
Alikaa vile vile, kijiko mkononi,
mpaka tambi zikapoa.